Mtoto akipaliwa: Mwongozo umebadilika, nani atamwambia dada wa nyumbani?

Chukua nyumba ya kupanga ya kawaida, Buguruni kwa Mnyamani. Vyumba sita, ua mmoja, bomba moja. Ni saa nne asubuhi. Mama wa mtoto yuko kwenye biashara yake Kariakoo, baba ametoka tangu alfajiri. Mtoto wa miezi tisa yuko mkekani na dada wa kazi, na pembeni yao jirani anachambua karanga za kukaanga. Mtoto anatambaa, anaokota punje moja na kuitia mdomoni kama anavyotia kila kitu. Anakohoa mara mbili. Kisha ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakopaswa kukushtua, msomaji. Mtoto anayelia au kukohoa kwa nguvu bado anapitisha hewa. Mtoto aliyepanua mdomo bila sauti kutoka hana hewa.

Unajua kitakachofuata, kwa sababu huenda umeshakiona. Ndani ya nusu dakika ua umejaa watu. "Mpulizie utosini!" "Mpe maji!" "Mshike miguu, mning'inize!" Mmoja ameshaingiza kidole mdomoni mwa mtoto na anachokonoa. Mama mwenye nyumba anaamuru apelekwe Amana haraka. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye nia mbaya. Lakini ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika kama nne, na bajaji ya kutoka ndani ya Kwa Mnyamani hadi itokeze Barabara ya Uhuru, ipenye foleni na kufika mapokezi ya Amana haiwezi kutegemewa kufanya hivyo kwa dakika nne. Hata gari la wagonjwa lingekuwa limeegeshwa kwenye kituo cha afya cha jirani, mtu wa kwanza kumfikia mtoto huyo angekuwa yule yule aliyekuwa naye mkekani.

Ndiyo maana wiki hii nimeona tuzungumzie habari ambayo haikupewa nafasi kubwa hapa kwetu.

Kilichobadilika

Oktoba 22, 2025, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa toleo jipya la mwongozo wake wa kuokoa maisha. Mwongozo huo hutumika kufundishia madaktari, wauguzi na watoa huduma ya kwanza katika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo. Kuna mambo mawili yanayomgusa mzazi moja kwa moja.

La kwanza ni la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Utaratibu wa kumpiga mgongoni mara tano, kisha kumsukuma kifuani mara tano, umebaki. Kilichobadilika ni mkono. Zamani tulifundishwa kusukuma kifua cha mtoto mchanga kwa vidole viwili. Sasa inaelekezwa utumie kitako cha kiganja cha mkono mmoja, yaani ile sehemu nene iliyo karibu na kifundo cha mkono. Vidole viwili huchoka haraka na mara nyingi havibonyezi kwa kina kinachotosha.

La pili ni la mtoto aliyezidi mwaka mmoja na mtu mzima. Chama hicho kwa miaka mingi kilifundisha kusukuma tumbo peke yake. Sasa kinasema anza na vipigo vitano vya mgongo, ndipo misukumo mitano ya tumbo, ukipokezana hivyo hadi kitu kitoke.

Hapa kuna historia kidogo, na inaeleza kwa nini shangazi yako na nesi wa kliniki wanaweza kukupa maelekezo tofauti na wote wakawa wamefundishwa. Mwaka 1974 daktari wa upasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, alitangaza njia ya kumkumbatia mtu kwa nyuma na kumsukuma tumbo. Ilienea haraka. Heimlich mwenyewe alivipiga vita vipigo vya mgongo, na mwaka 1985 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani wa wakati huo, C. Everett Koop, akavitangaza kuwa ni hatari. Uingereza na Baraza la Ufufuaji la Ulaya hawakufuata mkondo huo, wakaendelea kufundisha mgongo kwanza. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulivirudisha mwaka 2006. Kwa hiyo kilichotokea Oktoba 2025 ni wakubwa wa mwisho kukubaliana na wenzao. Bibi yako aliyekuwa akikupiga mgongoni ulipopaliwa na mhogo hakuwa amekosea sana.

Kwa mtoto mchanga, lakini, tumbo halikuwahi kuruhusiwa na halijaruhusiwa sasa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya video zinazozunguka kwenye simu zetu. Nyingi zinaonyesha mtu mzima akikumbatiwa kwa nyuma, na mtu anayeangalia haraka anadhani ndivyo afanye hata kwa kichanga. Ini la mtoto mdogo ni kubwa kwa mwili wake na limejitokeza chini ya mbavu. Ukimsukuma tumbo unaweza kulichana.

Namna ya kufanya

Kwanza sikiliza. Kama mtoto anakohoa kwa sauti au analia, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Mweke wima au mwegemeze mbele kidogo, kaa naye, usimwekee kitu chochote mdomoni, na usimtoe machoni.

Kama hakuna sauti, au kikohozi ni dhaifu kama pumzi ya kukatika, au midomo inabadilika rangi, anza mara moja. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi usitafute rangi ya bluu usoni. Angalia midomo kwa ndani, ufizi, ulimi na kucha.

Piga kelele mtu aje. Ukiwa na mtu, yeye akatafute usafiri wewe ukiendelea na mtoto. Ukiwa peke yako usianze kukimbia naye.

Kaa kwenye kiti, kigoda, ngazi au hata chini. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wako wa chini, tumbo lake likiwa limelala kwenye mkono huo na mkono ukiwa umeegemea paja lako. Kichwa kiwe chini kuliko kifua. Shika taya lake kwa vidole ili kichwa kisining'inie, ila usibane sehemu laini ya koo chini ya kidevu, maana utakuwa unaziba unachotaka kuzibua.

Kwa kitako cha kiganja cha mkono mwingine, mpige katikati ya mabega mara tano. Kila kipigo kiwe kimoja kinachojitegemea, chenye nia ya kukitoa kitu. Wazazi wengi hapa huogopa, wanapapasa kana kwamba wanamcheulisha mtoto baada ya kunyonya. Hicho hakitoshi. Humpigi kwa hasira, lakini unampiga kwa nguvu ya kutikisa kifua.

Kisichotoka, mgeuze. Weka mkono wako huru nyuma ya kichwa na mgongo, mbane kati ya mikono yako miwili, mgeuze akutazame, alale chali juu ya paja, kichwa bado kikiwa chini kidogo. Weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kwenye mfupa, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Sukuma chini mara tano, kama mara moja kila sekunde. Kifua kizame kama theluthi moja ya unene wake, takriban sentimita 4. Inaonekana kubwa kwa mwili mdogo, najua.

Angalia mdomoni. Ukikiona kitu, kitoe kwa kidole kidogo. Usipokiona, usiingize kidole. Rudia mgongo mara tano, kifua mara tano, hadi kitoke, au mtoto alie, au alegee.

Akilegea na kutoitika, mlaze chali mahali pagumu, sakafuni au mezani, si kitandani kwenye godoro. Sasa unamfufua. Bonyeza kifua pale pale katikati mara 30, kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kitako cha kiganja kimoja, au kwa vidole gumba viwili huku mikono ikiwa imezunguka kifua chake. Kisha fungua mdomo uangalie kama kitu kimejitokeza. Inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa pamoja kwa mdomo wako, pulizia pumzi mbili ndogo, za kutosha tu kifua kuinuka. Rudi kwenye 30. Endelea hivyo hata ndani ya bajaji. Na ndiyo maana nasema bajaji, siyo bodaboda: kwenye bodaboda huwezi kufanya lolote zaidi ya kumkumbatia mtoto na kusali.

Yale tunayoyafanya ua mzima

Nirudi kwa wale majirani, kwa sababu kila ushauri wao una sababu iliyousukuma, na usipoijua sababu hutaweza kuwajibu.

Kumpulizia utosini kunatokana na kuona watoto waliopaliwa na maziwa wakipata nafuu wakati wanapuliziwa. Walipata nafuu kwa sababu walikohoa. Upepo wa utosini haufiki kooni. Hauna madhara yenyewe, ila unakula sekunde.

Maji, uji au tonge la ugali la kusukuma kitu chini ni kosa kubwa zaidi. Kitu kilichomziba mtoto pumzi kipo kwenye njia ya hewa, na chakula hupita kwenye umio, ambao ni mrija mwingine. Unachomimina juu yake hakina pa kwenda isipokuwa kuingia kwenye mapafu au kuongeza kizibo.

Kidole cha kuchokonoa bila kuona mara nyingi husukuma kitu ndani zaidi, na kucha hukwangua koo laini likavimba. Kumning'iniza kwa miguu humwondoa mtoto mikononi mwako, huna namna ya kumpiga sawasawa, na kuna walioteleza. Kichwa kuwa chini ni jambo jema, lakini juu ya paja lako.

Tatizo halisi, kwa maoni yangu, liko kwa anayesikilizwa. Hata kama dada wa kazi amefundishwa, na tuseme anajua kila nilichoandika hapo juu, yeye ndiye mdogo kuliko wote uani. Shikamoo zote zinatoka kwake. Mama mwenye nyumba akisema "mlete hapa, mpe maji," atamleta na maji atapewa. Ndiyo maana kumfundisha mama peke yake kliniki hakutoshi, na kumfundisha dada peke yake hakutoshi pia. Soma ukurasa huu kwa sauti uani, mama mwenye nyumba akiwepo. Mwombe yeye ndiye amwonyeshe dada namna ya kumlaza mtoto, kwa kutumia kanga iliyokunjwa au mwanasesere. Akishafanya kwa mkono wake, siku ya tukio atakuwa msimamizi badala ya mpinzani.

Kinachowapalia watoto wetu

Koo la kichanga ni jembamba mno. Mrija wa hewa wa mtoto wa miezi michache hauzidi sana unene wa mrija wa kunywea soda.

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuchapisha, mwaka 2011, uzoefu wao wa kuondoa vitu vilivyokwama kooni na kwenye njia ya hewa kwa wagonjwa 98. Wengi walikuwa na umri wa miaka miwili au chini. Kwenye njia ya hewa karanga ndizo zilizoongoza kwa mbali, na kwenye umio ziliongoza sarafu. Utafiti ule ni wa Kanda ya Ziwa, lakini nenda Soko la Buguruni jioni yoyote ukahesabu vikapu vya karanga, halafu uniambie kama kuna tofauti.

Karanga ina ubaya wake wa pekee. Ni laini, inateleza, inavimba inapopata unyevu, na mafuta yake huwasha ukuta wa mapafu. Mtoto hana magego ya kuisaga. Punje nzima za karanga na korosho zisubiri hadi avuke miaka minne au mitano. Zisagwe kwenye uji, hakuna anayekukataza lishe yake. Mbegu za ubuyu wa rangi ni ndugu wa karanga kwa hatari, na tunawapa watoto tukidhani ni pipi. Ongeza pipi zenyewe, mbegu za machungwa na ukwaju, punje za mahindi ya kuchoma, mifupa ya dagaa wakubwa, vizibo vya peni, na shanga ambazo uzi wake umechakaa kiunoni au mkononi mwa mtoto.

Kuna kipimo cha bure. Chukua ile karatasi ngumu ya duara inayobaki toilet pepa ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Piga magoti sakafuni, ulingane na macho ya mtoto anayetambaa, na utashangaa utakavyoviona chini ya kabati.

Betri za duara za saa, rimoti na vidude vya kuchezea ninazitenga. Betri iliyokwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anapumua vizuri na anacheka. Hiyo si ya kusubiri itoke kwenye choo. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie mapokezi neno "betri" kabla ya neno jingine lolote.

Kwa kichanga ambaye hajafika miezi sita, mkosaji mara nyingi ni kimiminika. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Waliobaki, zaidi ya theluthi moja, wanapewa kitu kingine: maji, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe. Na uji huo mara nyingine hutolewa kwa kulazimisha, kichwa kimelazwa nyuma, pua imebanwa ili ameze. Akibanwa pua atavuta pumzi kwa mdomo, na mdomoni kuna uji. Huhitaji kuwa daktari kuona unakoelekea.

Dawa nayo ipo kwenye orodha hii. Mwaka 2007, katika kampeni ya dawa za minyoo nchini Ethiopia, watoto wanne wa chini ya miaka mitatu walikufa baada ya kupaliwa na vidonge vikubwa vya albendazo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kidonge kwa watoto wadogo kisagwe na kuchanganywa na maji. Nesi akikupa dawa ya minyoo siku ya kampeni, mwombe aiponde mbele yako. Amoksisilini ya watoto ya nimonia siku hizi hutolewa kama kidonge cha kuyeyusha kwenye maji kidogo. Iyeyushe kweli. Usimlishe mtoto anayelia kidonge kizima kwa sababu una haraka ya daladala.

Karanga iliyojificha

Tuseme umefanya yote, mtoto akakohoa, akalia, rangi ikarudi. Ua mzima unashukuru Mungu. Hapo watu wengi hufunga habari.

Usifunge bado. Mtoto yeyote aliyesukumwa kifua apelekwe kuangaliwa siku hiyo. Na kuna hali moja inayowadanganya hata wataalamu: kitu kinaweza kuteleza kutoka kwenye mrija mkubwa kikakaa kwenye tawi la pafu. Mtoto anatulia kwa saa au siku kadhaa. Baadaye kunaanza kikohozi kisichoisha, kukoroma kifuani upande mmoja, homa inayoondoka na kurudi. Anatibiwa nimonia. Anapona nusu, inarudi. Anaambiwa ana pumu. Wiki zinapita.

Eksirei inaweza kuonekana safi, kwa sababu karanga na mbegu hazionekani kwenye picha kama sarafu inavyoonekana. Kinachomfikisha mtoto kwenye tiba sahihi ni sentensi moja kutoka kwako: "Daktari, kabla kikohozi hakijaanza, mtoto huyu alipaliwa." Ukikumbuka alikuwa anakula nini, sema. Usione aibu, na usifiche ili kumlinda dada au bibi. Dada naye asitishwe kiasi cha kuogopa kukwambia kilichotokea ukiwa kazini. Akikaa kimya kwa hofu ya kufukuzwa, anayeumia ni mtoto. Kutoka hospitali za rufaa za mkoa kama Amana au Temeke, mtoto hupelekwa Muhimbili, ambako wataalamu wa pua, koo na masikio huingiza kifaa chenye taa kwenye njia ya hewa akiwa amelazwa usingizi na kukitoa kitu hicho.

Benchi la kliniki

Sasa swali la kwenye kichwa cha habari. Mwongozo umebadilishwa Marekani, madaktari wetu watausoma, kozi za hospitali zitausahihisha. Utafikaje kwa Mnyamani, Malapa, Vingunguti, Tandika?

Namba 115 ya mfumo wa m-mama imeokoa wengi, lakini imejengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaohitaji kusafirishwa. Zimamoto na Uokoaji wana 114. Hakuna usafiri, hata uwe mzuri vipi, unaoshinda dakika nne. Kwa hiyo fedha ya kwanza, kwa mtazamo wangu, iende kwenye mikono ya watu walioko majumbani, na haihitaji kuwa fedha nyingi.

Mahali pa kuifundishia tayari papo. Kila mama wa Buguruni mwenye kadi ya kliniki hukaa kwenye benchi wiki ya 6, ya 10 na ya 14 baada ya kujifungua, kisha mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Anasubiri saa nzima, mara nyingine zaidi. Wiki ya 14 ni kabla mtoto hajaanza kulishwa. Miezi 9 ndipo anapoanza kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Ukimwuliza mtaalamu yeyote achague siku mbili za kufundisha jambo hili, atachagua hizo hizo. Elimu ya afya ya asubuhi hutolewa pale pale kwenye benchi, kuhusu lishe, chandarua, uzazi wa mpango. Dakika kumi na mwanasesere mmoja wa plastiki zinatosha kuongeza hili. Sioni sababu ya kitaalamu ya kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Pia kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk Philip Mpango, alizindua mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hawa ndio wanaoingia uani. Wao, tofauti na nesi wa kliniki, wanamkuta dada wa kazi, bibi na mama mwenye nyumba kwa pamoja, mahali tukio litakapotokea. Kama kuna kundi linalostahili kupewa mwongozo mpya kwanza, kabla hata ya vituo vikubwa, ni hili.

Vituo vya kulelea watoto mchana vinanipa wasiwasi zaidi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 vinatakiwa kusajiliwa, na vingi vimesajiliwa. Vingine ni sebule ya mtu mwenye moyo mwema, anayelea watoto wanane kwa malipo ya kila siku. Unapompeleka mtoto, mwombe mlezi akuonyeshe, siyo akueleze, angefanya nini mtoto akipaliwa. Uliza kwa heshima, mwamkie kwanza, lakini uliza. Asiyejua mfundishe, au mchangie wazazi watano aende kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania.

Kwa leo jioni, kuna kazi ya dakika tano. Andika kwenye karatasi namba ya dereva wa bajaji anayelala mtaani kwenu, ibandike ukutani pale dada anapoweza kuiona bila kufungua simu yako. Chini yake andika: "Mgongo 5, kifua 5, angalia mdomo, rudia." Kisha kunja kanga, ilaze kwenye mkono wako, na umwonyeshe.